Mistari ya Kiondo cha Mumbua

Nitaanza na siku ile ya mjini Wote, maana hasira yangu ilianzia pale, na mimi sijazoea kumeza hasira.

Tulikuwa tumeketi safu ya tatu, mimi na Kathini, katika ukumbi uliojaa walimu, wanafunzi na watu wa kanisa. Mbele alisimama Mwalimu Kimeu, suti imepigwa pasi hadi inang'aa, ameinua kitabu chetu cha katuni. Nasema chetu, na mtaona kwa nini. Kitabu kinamhusu Mumbua, shujaa wa kike anayesikia maji yakitembea chini ya mchanga wa mto mkavu, na mwenye nguvu ya kusukuma lori la wezi wa mchanga kwa bega moja. Watoto kutoka Kabati hadi Kanyangi wanamjua Mumbua kuliko wanavyomjua diwani wao.

"Mumbua alizaliwa hapa," Mwalimu akasema, akijigusa kipaji cha uso. "Nilikuwa natembea peke yangu kando ya mto, nikamwona. Baadaye nikatafuta mtu wa kunichorea."

Mtu wa kunichorea! Kama unavyotafuta mtu wa kukukatia nyasi. Ukumbi ukapiga makofi. Nikamgeukia Kathini, nikitarajia angalau akunje uso. Alikuwa anatazama vidole vyake, rangi ya buluu ya bango la duka la dawa bado imekwama chini ya kucha.

Kisha Mwalimu akasoma ukurasa ambao kila mtu anaupenda, ule wa toleo la tano. Tajiri wa malori ya mchanga ameleta tangi la maji safi mtoni ili awazibe wanawake midomo. Wanawake wamepanga foleni na mitungi yao. Bibi mmoja mkongwe anatangulia, kila mtu anadhani anakwenda kujaza, naye anafungua bomba na kuyamwaga maji yote chini. "Mchanga unywe kwanza," anasema, "maana ndio uliotunywesha sisi." Watu walisimama. Mama mmoja mbele yangu alifuta machozi kwa ncha ya leso. Mwalimu akainamisha kichwa kupokea sifa, taratibu, kama bwana harusi.

Makofi yalipotulia akaongeza, "Kathini, dada yangu, hebu tusaidie kugawa vitabu."

Naye akainuka, akagawa. Safu kwa safu, akiwapa watu kazi ya mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya asante. Kwenye jalada palikuwa na jina moja tu, la Mwalimu. La Kathini halikuwapo, mbele wala nyuma, hata kwa herufi ndogo kama mchwa. Nilianza kusema kabla hatujatoka getini, na nadhani nilinyamaza tulipofika Kabati.

Mimi ni Hasina, lakini pale Kabati watu huniita Mama Tariq. Babu yangu alikuja Kitui kutoka Pwani na biashara ya vitambaa, akapaona pazuri, hakurudi. Nina duka la kuchapa na kupiga fotokopi. Kazi yangu katika Mumbua ni hii: Kathini akileta karatasi alizochora, mimi naziskani, nazisafisha kwenye kompyuta, nachapa maneno ya Mwalimu ndani ya vile viduara vya mazungumzo, halafu natoa nakala na kuzipiga stepla. Kiswahili cha Mwalimu ni kizuri ila hakijui kufika mwisho, kwa hiyo nakifupisha. Tariq, mwanangu, husema mimi huongea na skana kuliko ninavyoongea na watu, na mengi ninayoiambia skana nayasahau mashine ikizimika.

Kathini ametoka Nuu, upande wa Mwingi, alikolelewa na susu wake, yaani bibi yake, mwanamke aliyesuka viondo maisha yake yote. Shule aliiacha kidato cha pili. Akaja Kabati kumwoshea brashi fundi mmoja wa mabango aitwaye Kisilu, na baada ya miaka miwili Kisilu ndiye aliyekuwa anaosha brashi huku Kathini anachora. Ng'ombe waliochorwa kwenye bucha zote za Kabati ni wake. Kile kichwa cha kinyozi chenye nywele zilizokatwa sawasawa kama uzio ni chake. Kanisani anaimba sauti ya kwanza, na ukimsikia huko huwezi kuamini kwamba nje ya kanisa hajawahi kupaza sauti. Ukimkanyaga mguu, atakuomba msamaha kwa kuuweka pale.

Alikutana na Mwalimu Kimeu mwaka wa ukame ule mkubwa. Kathini alikuwa amepewa kazi ya kuchora ramani ya Kenya kwenye ukuta wa shule karibu na Kabati, na Mwalimu alikuwa anafundisha Kiswahili hapo na kuwaongoza watoto katika maigizo. Kila saa ya mapumziko alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama kumtazama akichora, na wakawa wanazungumza. Kufikia siku Ziwa Turkana lilipokamilika, Mumbua alikuwa amekwisha kupatikana. Ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na jina zuri kuliko hilo.

Mwalimu alitaka Mumbua avae barakoa na joho la kupepea, kama mashujaa wa ng'ambo. Kathini alimwuliza ni nani atavaa joho Nuu mwezi wa Septemba. Akamvika leso na akala, vile viatu vya tairi, na mgongoni akamtundika kiondo, mkanda ukipita kwenye paji la uso, vile wanawake wa huku wanavyobeba mzigo. Huyo ndiye Mumbua ambaye watoto wanamchora kwenye madaftari yao ya hesabu.

Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu ana kichwa. Ni yeye aliyesema kwamba shujaa asiye na udhaifu anachosha, na ni yeye aliyempa Mumbua udhaifu wake: siku akisema uongo, hasikii maji. Anaweza kuweka sikio mchangani kutwa nzima asisikie hata tone, mpaka auseme ukweli mbele ya yule aliyemdanganya. Nilipochapa maneno hayo mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Hilo sitamnyima.

Lakini baada ya toleo la pili Mwalimu alihamishiwa Makueni, karibu na Wote, na tangu hapo kazi ikawa inakuja kwa sauti za simu. Niliwahi kuisikia moja. "Kathini, Bwana asifiwe. Toleo la sita. Mumbua apambane na wezi wa mchanga kule Kanyangi. Kurasa kumi na mbili. Mwishowe ashinde. Mungu akubariki." Sekunde kumi na tisa! Kutokana na hizo sekunde kumi na tisa Kathini alitoa kurasa kumi na mbili: akajua wezi ni akina nani, kwa nini dereva wao analia, na vipi mbuzi aliikula ramani yao ya kuvukia mto. Alikuwa akimaliza anazipiga picha anamtumia Mwalimu, naye ndipo anaandika wanachosema. Sasa nawauliza nyinyi mnaojua mambo ya vitabu, hapo mwandishi ni nani?

Wiki mbili baada ya Wote, Mwalimu alinitumia fomu kwa simu ili nimchapie Kathini aisaini. Kampuni moja ya vitabu ya Nairobi ilikuwa imempenda Mumbua na ilitaka kumtoa kwa rangi, kwa shule za nchi nzima. Mimi husoma kila ninachochapa, ni dhambi yangu. Fomu ilisema kwamba Mumbua ni ubunifu wa Kimeu peke yake. Kwamba aliyetia saini hapo chini alichora tu kwa maelekezo yake. Na kwamba tangu siku hiyo hataruhusiwa kumchora Mumbua mahali popote pasipo idhini ya kampuni. Kampuni ilikuwa na wachoraji wake. Maana yake, mwalimu wa chekechea akimwomba Kathini amchoree Mumbua ukutani, Kathini angekuwa mwizi wa Mumbua.

Nilivuka barabara hadi anapochorea Kathini, na karatasi mkononi ingali na joto la mashine.

"Usisaini," nikamwambia.

Alisoma polepole, akaikunja vizuri. "Lakini Mama Tariq, watoto wa Kenya mzima watamsoma."

"Watasoma nini? Watasoma uongo."

"Mwalimu amesema atakuja Jumamosi kuichukua. Amesema hiyo ni kazi ya karatasi tu."

"Kazi ya karatasi! Na wewe kazi yako ilikuwa ya nini, ya mawe?" Nilikuwa nimepandisha sauti mpaka muuza nyanya akageuka. Hapo nikakumbuka zile sauti. "Kathini, una ushahidi wote mkononi. Mwalimu akija, tutazicheza zile sauti zake moja baada ya nyingine, asikie mwenyewe alileta nini na hakuleta nini."

Kathini akatazama chini. "Nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Zote. Simu ilikuwa imejaa, na kwaya walikuwa wametuma video ya kongamano."

Niliketi kwenye debe lake la rangi. Miaka mitatu ya ushahidi, imefutwa ili watu wapate nafasi ya kupunga mikono. Nadhani niliita majina yote ya Mwenyezi Mungu ninayoyajua.

"Lakini si iko kwenye kiondo," Kathini akasema, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka ufunguo.

"Kuna nini kwenye kiondo?"

"Vile kila mtu alifanya. Nani alileta nini."

Ndipo akanieleza. Susu wake alisuka pamoja na jirani yake, na mara nyingi kiondo kimoja kilipita mikononi mwa wote wawili. Mmoja akienda shambani au akiugua, mwenzake anaendeleza. Basi kila mkono ulipobadilika walisuka mstari, na kila mmoja alikuwa na mstari wake, ili anayekibeba ajue kimefanywa na nani hadi wapi. "Susu alikuwa anasema kiondo kinabeba chakula ya watu, kisibebe uongo," Kathini akasema. "Na mimi nikafanya hivyo kwa Mumbua. Ukiona mstari mnene, hiyo page mambo yake yalitoka kwangu. Ukiona meno meno, yalitoka kwa Mwalimu."

"Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa. Toleo zote nane."

Niliinuka kwenye debe. Maana kiondo kile nilikijua. Tangu toleo la kwanza niliona kwamba kinabadilika kila ukurasa, mara hivi mara vile, nikadhani Kathini ni msahaulifu. Shujaa mmoja na viondo kumi! Na mimi nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya kompyuta Kitui, nimejifunza kukata na kubandika, mikono inaniwasha. Nikachagua kiondo kimoja kilichonipendeza, nikakibandika kwenye kila mgongo wa Mumbua, toleo hadi toleo. Nilijisifu hata mbele yake. "Nimekurekebishia kiondo," nilimwambia siku ile nikimpa nakala ya kwanza. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Imekuwa safi." Nami nikaridhika na ile safi yake miaka mitatu.

Nilikuwa nimetoka Wote nikimtukana mtu aliyelifuta jina la Kathini mara moja kwenye jalada. Mimi nilikuwa nimelifuta mamia ya mara.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ulikuwa umefanya kazi mingi," akasema. "Na kwa karatasi bado iko."

Karatasi zenyewe, namshukuru Mungu, zilikuwa dukani kwangu, ndani ya sanduku la bati chini ya kaunta, kila toleo na bahasha yake.

Jumamosi Mwalimu Kimeu alifika saa nne asubuhi, mchangamfu, na mkate wa zawadi. Nikampa kiti na soda kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha nikafunga nusu ya mlango na kuanza kupanga karatasi, kwenye kaunta, juu ya mashine, nyingine sakafuni.

"Hii yote ni ya nini, Mama Tariq?" akauliza akicheka. "Nimekuja kuchukua fomu tu. Kampuni wananingoja."

"Utaichukua. Kwanza tazama kiondo."

Nilimweleza habari ya mistari, na akacheka zaidi. "Kiondo? Hii ni mambo ya sheria, mama. Huwezi peleka kiondo Nairobi."

Nilifungua mdomo, na yaliyokuwa tayari kutoka hayakuwa ya kusemwa mbele ya mwalimu. Kathini akaniwahi. Aliinama, akaokota ukurasa, akamshikia mbele ya macho. Nilidhani ataanza na wake. Mimi ningeanza na wangu.

"Hii ni yako," akamwambia. "Si unaona meno? Ni ile ya Mumbua akidanganya hasikii maji." Akaokota mwingine. "Hii pia yako. Mimi nilikuwa nimekwama, sijui dereva analia nini, ukaniambia labda mchanga anaoiba ni wa mto wa kwao."

Mwalimu akaweka soda chini. "Hii sikumbuki."

"Ni yako. Ulinipigia ukitoka mazishi ya mjomba wako. Ulikuwa unalia kidogo."

Akaendelea hivyo, bila haraka, mpaka akammalizia vyake vyote, na vingine Mwalimu mwenyewe alikuwa amevisahau kabisa. Kisha ndipo akaanza kuonyesha mistari minene. Hiyo haikuhitaji kuokotwa, ilikuwa imetapakaa duka zima. Mwalimu alizunguka ameinama, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani, na kila alipofika uso ukazidi kushuka. Alisimama kwenye ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza, pale Mumbua anapotokea mara ya kwanza akiwa amepiga goti mtoni. Kwenye kiondo chake mstari mnene na meno vilikuwa vimepandana, mmoja ndani ya mwingine.

"Na hapa?"

"Hapo sikujua," Kathini akasema. "Tulikuwa tunaongea wote wawili pale kwa ukuta. Wewe ulisema tunataka mtu wa mvua, mimi nikasema awe mwanamke. Ama ni wewe ulisema mwanamke. Nikaweka zote."

Halafu Mwalimu akajinyoosha, na kiburi kikamrudia kidogo. "Lakini mimi ndiye nilitafuta kampuni. Mimi ndiye nimeenda Nairobi mara tano. Bila mimi, Kathini, hiki kitu kingebaki hapa kwa stepla."

"Ni kweli. Bila wewe haingekuwa."

"Sasa?"

"Sasa nikisaini hii," Kathini akasema, na akamrudishia ile fomu, bado imekunjwa vizuri, "Mumbua atasikia maji vipi?"

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akipigwa na kitu alichokitunga mwenyewe. Mwalimu aliichukua fomu, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga, na mkate wake akauacha juu ya mashine. Nilikuwa nimekasirika hata baada ya kushinda, na soda yake iliyobaki niliitoa nje nikaimwaga yote kwenye vumbi. Kathini alinitazama akaanza kucheka. Sikujua anacheka nini.

Zilipita siku tisa. Kisha ikaja sauti kwenye simu ya Kathini, ya dakika sita, ndefu kuliko zote alizowahi kutuma. Mwalimu alisema amewaambia watu wa kampuni waweke majina mawili na Kathini aendelee kuchora, nao wamemjibu kwamba mhusika mmoja hawezi kuwa na wenyewe wawili, na kwamba wao hawafanyi kazi hivyo. Mpango umekufa. Alisema wazi kwamba ametukasirikia, hasa mimi. Alisema angeweza kutafuta njia ya kupita bila sisi, na kwamba usiku mmoja alijaribu kuitia fomu saini ya Kathini kwa kalamu yake mwenyewe, akashindwa kuimaliza. Kisha akakohoa. "Sasa toleo la tisa," akasema. "Mimi sina wazo. Wewe uko na nini?"

Miaka mitatu, na hakuwahi kumwuliza hivyo hata mara moja. Kathini aliisikiliza mara mbili, simu ikamwambia kwamba imejaa, naye akafuta video ya kwaya.

Mimi bado sijamsamehe vizuri. Hajasema samahani kwa yale ya mjini Wote, na nadhani hatasema; atazunguka tu mpaka sisi tuchoke kusubiri. Lakini alifanya haki mahali ambapo haki ilimgharimu, na wangapi tunaweza kusema hivyo. Hasira iliyobaki nimeigeuzia upande wa pili. Wanasema mhusika hawezi kuwa na wenyewe wawili. Nani alisema? Mtoto ana wawili. Wimbo wa kwaya una sauti nne, na hakuna anayeomba watatu watie saini kwamba hawakuimba.

Kathini alipoanza toleo la tisa aliniomba jambo moja, nirudishe mistari kwenye matoleo manane ya kwanza kabla hatujatoa nakala mpya. Nikaskani karatasi zote upya, kila alasiri wateja wakipungua, na kila kiondo nilichokuwa nimekibandika nikakiondoa na kukiweka kile cha kweli. Mstari mnene. Mstari mnene. Meno. Mstari mnene. Jalada nalo nikaliandika upya, majina mawili, herufi za ukubwa mmoja.

Nilipofika toleo la tano, ule ukurasa wa bibi anayemwaga maji, niliuweka skana nikijiuliza ni wa nani kati yao. Mumbua amesimama pembeni akimtazama bibi, kiondo chake kimekuja mbele kabisa, kikubwa. Hakikuwa na mstari mnene. Hakikuwa na meno. Kwenye mdomo wa kiondo palikuwa na doti, nukta ndogo ndogo, zimeuzunguka wote.

Nilizikumbuka. Kwenye ukurasa ule kiondo kilikuwa kikubwa mno hata kile changu cha kubandika hakikutosha, kwa hiyo nilikiacha na kukisafisha tu. Nilizifuta zile doti kwa kipanya, nikilalamika kwamba siku hizi Kathini anadondosha wino. Kisha nikachapa maneno ya bibi, na nakumbuka nilisema leo Mwalimu ameamka vizuri.

Nikatoka mlangoni. Kathini alikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya ngazi, anachora birika kwenye bango la hoteli.

"Kathini! Doti ni za nani?"

"Doti gani?"

"Za toleo la tano. Za bibi wa tangi."

Hakugeuka, alikuwa anamalizia mdomo wa birika. "Si ni wewe," akasema. "Mara ya kwanza nilichora bibi anachota maji kama wengine. Ukiiskani ukaanza kugombana nayo. Ukasema huyu mama mbona amenyamaza, ungekuwa wewe ungefungua bomba umwage yote, mchanga unywe kwanza ndio uliowanywesha. Nikaenda nikachora tena. Hayo maneno nikampea Mwalimu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Hata siku ile ya soda nikajua utaimwaga."

Nilisimama pale juani. Ukumbi mzima wa Wote ulisimama, mama mbele yangu akalia, na mimi nikakaa nimekunja mikono, nimejaa ghadhabu kwa niaba ya mtu mwingine, nikisikiliza maneno yangu mwenyewe bila kuyajua.

Nikarudi ndani, nikaufungua ule ukurasa, nikaanza kuzirudisha moja moja. Zilikuwa kumi na tisa, na zote nilizifuta kwa mkono wangu.